Kutibu mzizi wa jino ukiwa Tanga: toka usiku wa maumivu mpaka kofia

Tiba ya mzizi wa jino, yaani kulifungua jino, kusafisha ndani ya mizizi yake na kuijaza, mara nyingi haiharibikii kwenye kiti cha daktari. Inaharibikia nyumbani, wiki mbili tatu baadaye, jino limetulia, mtu anakula vizuri, na nauli ya kurudi hospitali imeshapata kazi nyingine. Mimi ni msaidizi katika chumba cha meno hapa Tanga mjini. Nashika mrija wa kufyonza mate, nampa daktari vifaa, na jioni nawapigia simu waliokosa miadi. Simu hizo ndizo zilizonisukuma kuandika, maana jibu ni lile lile: "Si limeshanyamaza, dada?"

Limenyamaza, ndiyo. Halijapona. Nitaipitia safari yote tangu mwanzo mpaka kofia, yaani kifuniko kigumu kinachovikwa juu ya jino, ila nitakaa zaidi pale watu wanapopotelea njiani.

Hatua ya 1: Tambua jino limefika wapi

Jino kwa nje ni gumu kama kifuu cha nazi, lakini katikati mna kiini laini chenye damu na mshipa wa fahamu. Kiini hicho kinateremka mpaka ncha za mizizi kwa mifereji myembamba sana. Bakteria wa kinywani wanajilisha sukari unayokula, wanatoa tindikali, na tindikali inalila gamba la jino kidogo kidogo. Tundu likiwa bado la juu juu, kuziba kwa kawaida kunatosha. Likishafika kwenye kiini, kiini kinavimba, na kwa kuwa kuta zinazokizunguka hazitanuki, hakina pa kuvimbia. Ndiyo maana mtu mzima na heshima zake anazunguka uani saa nane za usiku ameshika shavu.

Ukinywa maji ya friji jino likashtuka sekunde chache kisha likaacha, huenda bado linazibika. Lakini baridi ikishaondoka na jino likaendelea kuuma nusu dakika au zaidi, au likianza lenyewe bila kuchokozwa, au ukilala linazidi na ukikaa linapungua, hapo kiini kimeshaharibika na hakirudi. Chai ya moto ikilichokoza na maji baridi yakalituliza, hesabu ni hiyo hiyo.

Wapo wanaokuja kwa furaha: liliuma wiki nzima, kisha likaacha lenyewe bila dawa. Hao ndio wa kuwaangalia sana. Kiini kimekufa, basi hakuna tena wa kulalamika, na bakteria wanatokea kwenye ncha ya mzizi kuingia kwenye mfupa wa taya. Baada ya muda unaona kipele kwenye ufizi kinachotoa usaha, jino linageuka rangi ya kijivu, au ukiuma unahisi limekuwa refu kuliko wenzake. Hata kipele kisipouma, ugonjwa upo na unaendelea.

Hatua ya 2: Vuka usiku bila kujiumiza zaidi

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, parasetamo vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita vinasaidia, mradi visizidi vinane kwa siku nzima. Ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya kula, kila baada ya saa nane, inatuliza zaidi kwa sababu inapunguza uvimbe wenyewe, na dawa hizi mbili zinaweza kutumika pamoja. Ila ibuprofeni si ya mjamzito, wala mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochokozwa na dawa za aina hiyo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na kama umeshameza diklofenaki, usiongeze ibuprofeni juu yake. Hizo ni ndugu. Lala kichwa kikiwa juu, mito miwili.

Mafuta ya karafuu yanafanya kazi kweli. Yana yujenoli, na sisi wenyewe tunayo chumbani, ndani ya baadhi ya dawa za kuziba jino kwa muda. Tone moja kwenye kipande kidogo cha pamba, uweke ndani ya tundu. Usiupake ufizi wote, utaungua. Aspirini ya kubandika kwenye ufizi nayo inaunguza. Tumeona mashavu yaliyobabuka yakawa meupe kwa kitu hicho. Maji ya betri ni tindikali kali, sitaki hata kueleza kwa nini usiweke.

Halafu kuna antibaiotiki. Mtu anakwenda duka la dawa, anasema jino, anapewa amoksilini na Flagyl, analala. Dawa hizo husafiri kwa damu, na ndani ya kiini kilichokufa damu haifiki tena, kwa hiyo chimbuko la ugonjwa linabaki pale pale. Daktari anaziandika pale uvimbe unaposambaa au homa inapopanda, tena kama nyongeza ya tiba. Jino lenyewe litabaki linasubiri kufunguliwa.

Hali moja haisubiri asubuhi: uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, au unaopanda mpaka jicho kufumba, pamoja na homa, kushindwa kufungua kinywa, kumeza kwa taabu au kupumua kwa shida. Hapo nenda dharura usiku huo huo, Hospitali ya Bombo kama uko mjini, au hospitali ya wilaya iliyo karibu nawe. Uvimbe wa jino ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa.

Hatua ya 3: Kung'oa au kulitunza?

Kung'oa ni tiba halali, ya haraka na ya bei ndogo, na asikuonee mtu haya kwa kuichagua. Jino lililopasuka mpaka kwenye mzizi, lililooza likazama chini ya ufizi, au linalotikisika kwa sababu mfupa umekwisha, hilo ling'olewe. Gego la mwisho kabisa, lile la ukubwani, mara nyingi nalo halistahili gharama zote hizo.

Bali gego la kwanza lipiganie. Hilo huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha, basi wazazi wengi hudhani ni la utoto nalo na hawalijali. Ndilo linalobeba kazi kubwa ya kutafuna, na ndilo tunalolitibu mzizi mara nyingi kuliko mengine. Likitoka, la nyuma yake linaanza kulala kuelekea pengo, na la juu yake linateremka kutafuta mwenzake. Kuja kuliziba pengo hilo baadaye kwa jino la bandia la kudumu kutakugharimu kuliko tiba ya mzizi.

Nitasema na jambo ambalo madaktari hulisema kwa kuzungukazunguka. Kama unatoka mbali, Kilindi au ndani ndani ya Mkinga, na unajua kabisa hutapata nauli ya kurudi, ni afadhali ung'oe kuliko uanze tiba na kuiacha katikati. Jino lililofunguliwa na kuachwa huharibika hadi lisifae tena, na hela ya mwanzo imekwenda.

Hatua ya 4: Pata daktari, uliza kabla ya kukaa

Hapa mkoani Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ndiyo mlango unaojulikana na wengi, na mjini zipo kliniki binafsi za meno. Piga simu au ulizia dirishani kwanza kama tiba ya mzizi inafanyika siku hizo, maana inategemea daktari na vifaa, na si kila penye kiti cha meno inafanyika. Kazi ngumu, kwa mfano mfereji ulioziba au jino lililowahi kutibiwa likaharibika tena, inaweza kupelekwa Muhimbili, Dar es Salaam, waliko mabingwa. Daktari awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Fundi wa meno ya bandia anayekutembelea nyumbani na begi hana idhini ya kugusa mzizi wa jino lako, hata akiwa na mkono mwepesi namna gani.

Maswali ya bei ulizeni bila aibu. Bei hiyo ni ya jino zima au ya kila ujio? Picha za eksirei zimo ndani yake? Kuziba kwa mwisho kumo? Kofia ni kiasi gani, na inatengenezwa hapa au inapelekwa mbali? Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji 1, magego yana mifereji 3 au 4, ndiyo sababu bei hazifanani. Mwenye bima aulize mapema kipi kinalipiwa. Kofia mara nyingi ndiyo inayowashtua watu dirishani.

Na kama hela inatosha tiba lakini haitoshi kofia, sema hilo siku ya kwanza kabisa. Daktari akijua, anaweza kupanga namna ya kulifunika jino kwa kujaza vizuri mpaka utakapojipanga.

Hatua ya 5: Siku ya miadi

Kula kabla ya kuja. Hii si operesheni ya kulazwa usingizi, na mtu mwenye njaa na hofu ndiye anayezimia kwenye kiti. Piga mswaki. Dawa zako za kila siku meza kama kawaida, na uje nazo au uje na kijikaratasi chake.

Wazee wetu kwenye swali la magonjwa wana majibu yao. Juzijuzi nilimwandikisha mmoja:

"Shikamoo babu. Una ugonjwa wowote?"

"Marahaba mjukuu wangu. Sina, alhamdulillahi."

"Hakuna dawa unayotumia?"

"Ah, hizo za presha natumia kila siku. Na za sukari."

Kwake yeye, ugonjwa wenye dawa umeshatulizwa, si wa kuhesabu. Lakini sindano ya ganzi mara nyingi ina adrenalini ndani yake, kwa hiyo presha lazima ipimwe kwanza. Na mwenye sukari iliyopanda anapona polepole. Taja pia mzio wa dawa, tatizo la moyo, na ujauzito. Mjamzito anatibiwa, wala asiambiwe asubiri kujifungua huku anaumwa; miezi ya katikati ndiyo yenye nafuu zaidi kukaa kitini, na eksirei ya jino moja hutumia mionzi midogo sana.

Mwezi wa Ramadhani chumba chetu hupwaya mchana na kujaa baada ya Idi. Wanazuoni wengi wanasema sindano ya ganzi na kutibiwa jino hakufunguzi, mradi usimeze kitu kwa kukusudia. Lakini kuna maji mengi yanayopulizwa kinywani, na wapo ambao nafsi zao hazitulii. Muulize shehe wako, umwambie na daktari. Miadi huweza kusogezwa. Usichofanya ni kukaa na jino lililokwisha kufunguliwa mwezi mzima.

Hatua ya 6: Kwenye kiti

Kwanza ni picha ya eksirei, kuona mizizi imekaaje na mfupa umeliwa kiasi gani. Kisha ganzi. Kwa magego ya chini, sindano inapigwa nyuma kabisa ya taya, na baada ya dakika chache nusu ya mdomo na nusu ya ulimi vinakufa ganzi. Jino lililowaka sana kwa maumivu, hasa gego la chini, wakati mwingine linakataa ganzi ya kwanza. Ukisikia maumivu makali nyanyua mkono wa kushoto, utaongezewa. Kuvumilia hapa hakukupi thawabu. Mtu anayejikaza anatikisika, na daktari ana kifaa chembamba ndani ya mzizi wako.

Penye vifaa kamili utawekewa pazia la mpira, jino lako peke yake likichomoza tunduni. Baadhi ya watu hulichukia, wanaona wamefungwa mdomo. Mimi nalipenda kuliko kifaa chochote chumbani: linazuia mate yenye bakteria yasiingie ndani ya jino, na linazuia kijichuma kisidondoke kooni. Pumua kwa pua, utazoea.

Daktari atatoboa juu ya jino mpaka kwenye chumba cha kiini. Kisha vinaanza kuingia vijichuma vya kusafishia, vimepangwa kwa rangi za vishikizo, ncha ya vile vya mwanzo ikiwa na unene wa milimita 0.1 au hata chini ya hapo. Kila kimoja kina kipete kidogo cha mpira. Daktari anakisogeza kipete hicho kwenye rula mpaka urefu kamili wa mzizi, tuseme milimita 20 au 21, ili asiishie njiani wala asitoboe kupita ncha. Kama kuna mashine ya kupimia urefu utaisikia ikilia, mlio ukiharakisha kadiri anavyokaribia ncha. Si hatari, ndivyo inavyohesabu. Gego lenye mizizi iliyopinda linaweza kumla saa nzima kwa mfereji mmoja tu.

Katikati ya kazi utasikia harufu ya jiki. Pua yako haijakosea. Maji ya kusafishia mifereji ni kemikali ile ile, sodiamu haipokloraiti, kwa kipimo cha tiba. Inaua bakteria na kuyeyusha mabaki ya kiini yaliyojificha kwenye kona ambazo chuma hakifiki. Yakidondokea ulimini yana ladha kali. Nyanyua mkono, tutafyonza.

Kama jino lilikuwa na usaha, daktari atajaza dawa ya kalisi haidroksaidi ndani, afunike kwa kizibo cha muda, na kukupa tarehe. Kama lilikuwa safi na muda unatosha, anaweza kumaliza siku hiyo hiyo: anakausha mifereji kwa vijiti vya karatasi, anaijaza gutapacha, ambayo ni utomvu mgumu wa miti ya Asia ya kusini mashariki, na kupiga picha nyingine kuona kama imejaa mpaka mwisho. Anayetoka mbali amwambie daktari mapema, pengine kazi itapangwa imalizike kwa ujio mmoja mrefu.

Hatua ya 7: Kati ya miadi na miadi

Ganzi hukaa saa mbili mpaka nne. Usile mpaka iishe, utajing'ata shavu bila kujua, na mtoto mwambie hivyo hivyo mara mbili. Siku mbili tatu za mwanzo jino litauma ukilibania. Ni kawaida, dawa za Hatua ya 2 zinatosha. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au uvimbe mpya, rudi bila kungoja tarehe.

Sasa kizibo cha muda. Kimetengenezwa kukaa wiki chache. Kinalika, kinavuja pembeni, na mate yakishapenya bakteria wanarudi kwenye mifereji ile ile tuliyoitolea jasho. Tulikuwa na mama mmoja wa upande wa Pangani, gego la chini, siku ya kwanza alikuja analia. Alipokosa miadi nikampigia.

"Mwanangu, nashukuru sana. Limenyamaza kabisa, nalala usingizi wangu."

"Alhamdulillahi mama. Lakini ndani hatujalijaza, lina dawa tu. Lazima urudi."

"Nitakuja, mwanangu, tukishavuna."

Alikuja baada ya miezi, shavu limemtangulia mlangoni. Kizibo kilikuwa kimetoka siku nyingi, tundu limejaa chakula, na ukuta mmoja wa jino umepasuka mpaka kwenye mzizi. Likang'olewa. Alilipia tiba na akalipia kung'oa, na pengo akabaki nalo.

Kwa hiyo usitoke chumbani bila tarehe iliyoandikwa. Iweke kwenye simu yako na ya mtu mwingine nyumbani, wa kukusumbua. Nauli ya kurudi itenge siku hiyo hiyo. Tarehe ikigongana na msiba au harusi, piga simu isogezwe wiki moja. Wiki moja haina neno. Wakati huo tafunia upande wa pili, na kaa mbali na halua, ubuyu wa kunata, miwa na mifupa ya samaki. Kizibo kikitoka, usijaze pamba wala bazoka. Njoo.

Hatua ya 8: Kofia

Jino lililotibiwa mzizi limeshapoteza sehemu kubwa ya mwili wake, kwanza kwa kuoza, kisha kwa kutobolewa. Kwa meno ya mbele, kujaza vizuri mara nyingi kunatosha. Kwa magego, ambayo yanabeba nguvu ya kutafuna, kofia ndiyo inayolizuia jino lisipasuke kati. Watu huiona kama pambo, wakaiahirisha mpaka mshahara, mpaka karo za shule, mpaka mwakani. Ukiniuliza mimi, hesabu bei ya kofia ndani ya bei ya tiba tangu siku ya kwanza, kama unavyohesabu paa ndani ya bei ya nyumba.

Jino linachongwa, kipimo kinachukuliwa, unapewa kofia ya muda, na ya kudumu inagundishwa ikishatengenezwa. Siku ya kugundisha bania mara kadhaa, ukiihisi imezidi urefu sema hapo hapo ipunguzwe.

Hatua ya 9: Kulitunza lililotibiwa, na wenzake

Jino lililotolewa kiini linaweza kuoza tena, na safari hii halitakuambia. Mshipa wa kuuma haupo. Uozo unaweza kutambaa chini ya kofia mpaka kofia ikatoka na nusu ya jino ndani yake, na mwenyewe hukusikia hata mara moja. Kwa hiyo hapa kinachokulinda ni usafi na macho ya daktari.

Mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili, na wa usiku ndio muhimu zaidi, kwa sababu usingizini mate hupungua na mate ndiyo yanayolinda meno. Tumia dawa ya mswaki yenye floraidi; kwenye boksi tafuta kipimo cha 1,000 mpaka 1,500 ppm. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi, floraidi ibaki juu ya meno. Wapo wanaoiogopa kwa kuwa wameona meno ya kahawia ya watu wa Arusha na Kilimanjaro. Kule floraidi imo nyingi kwenye maji ya kunywa, na huwaathiri watoto wakati meno bado yanaumbika ndani ya fizi. Dawa unayoitema ni jambo jingine. Mtoto chini ya miaka 3 apakwe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 mpaka 6 kiasi cha punje ya njegere.

Mswaki wa mti ni mzuri, na wazee wanaoutumia sawasawa wana fizi za kupendeza. Utafune ncha mpaka ilegee, ukate nyuzi zilizochakaa, na usiishie meno ya mbele yanayoonekana. Wengi magego hawayafikii. Usiku ongeza dawa yenye floraidi. Katikati ya meno pitisha uzi wa meno, hasa pembeni ya kofia, kwa sababu hapo ukoga hujificha na hakuna mswaki unaofika. Ukoga ukiganda ukawa ugaga hauondoki kwa kusugua, unakwanguliwa na daktari.

Kuhusu vitamu, kinachoumiza meno ni mara ngapi kuliko kiasi gani. Kila sukari inapogusa kinywa, tindikali hupanda na huchukua karibu nusu saa kushuka. Kahawa chungu ya barazani, hapo Ngamiani, haina kosa lolote. Kosa ni kashata inayomumunywa tangu alasiri mpaka magharibi, kipande baada ya kipande, meno yasipate hata nafasi ya kupumua. Kula kashata yako yote kwa mara moja, nywa maji, endelea na maongezi. Baada ya embe bichi na chumvi, ukwaju au machungwa ya Muheza, ngoja nusu saa ndipo upige mswaki, maana gamba la jino huwa limelegea kidogo.

Rudi kwa daktari baada ya miezi 6, na tena mwaka ukitimia, upigwe picha kuona kama mfupa kwenye ncha ya mzizi unajaza. Mfupa hujaza polepole, kwa hiyo doa likiwa bado dogo lakini limepungua, ni habari njema. Tiba hii ikifanywa vizuri na kumalizwa, meno zaidi ya 8 kati ya 10 hudumu kwa miaka. Lisilopona likaota tena kipele linaweza kutibiwa upya kabla ya kufikiria koleo. Picha zako za eksirei omba nakala, hata kwa simu, uzihifadhi. Siku ukihamia Dar au Mwanza daktari mpya ataanzia hapo badala ya kukisia mifereji iko mingapi.